Tabora si mji wa kubadilishia treni tu

Wengi wanaijua Tabora kwa stesheni yake: wanashuka, wananunua asali, wanapanda tena kuelekea Kigoma au Mwanza. Nimechoka kusikia kwamba mji huu hauna sanaa wala ubunifu, tena kutoka kwa vijana waliozaliwa hapahapa. Haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi, na huu ndio ukweli wake.

"Asali ikiganda, ujue imetiwa sukari."

Dhana hii inawaumiza walina asali wetu kuliko zote. Mteja anageuza chupa dukani, anaona chini pameganda kama samli, anairudisha mahali pake. Asali halisi huganda. Imejaa sukari za aina mbili, glukosi na fruktosi, na glukosi ikiwa nyingi maji machache yaliyomo hayawezi kuiyeyusha yote, ndipo chembe zinapojitokeza, hasa wakati wa baridi. Kuna inayoganda baada ya wiki chache na kuna inayokaa miezi mingi, kutegemea maua ambayo nyuki waliyatembelea. Loweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, italainika. Kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha hakuthibitishi kitu.

Na ukionja asali nyepesi, yenye uchachu kidogo, usimgombeze muuzaji kwamba ameongeza maji. Huenda ni ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo kwa kawaida bei yake iko juu. Msalimie "mwangaluka" kama ni asubuhi, muulize imetoka pori gani na imerinwa lini. Anayeijua kazi yake hatachoka kukueleza.

Wapo pia wanaoamini mzinga wa gome haudhuri msitu kwa kuwa ni wa jadi. Mti uliobambuliwa gome kuzunguka shina hufa. Ndiyo maana mizinga ya masanduku inahimizwa, na chuo cha ufugaji nyuki tunacho hapahapa Tabora.

"Dansi ni la Dar es Salaam."

Kiko Kids ya Salum Zahoro ilikuwa bendi ya Tabora, tena tangu miaka ya 1950. Nyanyembe Jazz ilikuwa ya hapa, na Tabora Jazz ikatamba na mtindo wake wa Segere Matata. Mimi naona reli ilichangia sana. Ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Mji wa njia panda husikia muziki wa kila upande. Ukiwa na mzee nyumbani aliyecheza dansi enzi hizo, kaa naye jioni moja, mpigie nyimbo hizo kwenye simu, kisha msikilize atakayoyasimulia.

"Hapa hakijawahi kubuniwa kitu."

Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa vitani na fedha haziingii kutoka Ulaya, sarafu za dhahabu za rupia 15 ziligongwa kwenye karakana ya reli, Lulanguru, jirani na mji. Zina picha ya tembo na herufi T, yaani Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

"Nikijaziwa filamu kwenye flashi, nimemuunga mkono msanii."

Hapana. Anayelipwa ni mwenye kompyuta. Kunakili bila idhini kunakatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

"Kwihara ni habari za Livingstone tu."

Ni kweli mpelelezi huyo Mwingereza aliishi kwenye tembe la Kwihara, kijiji cha jirani na mji, mwaka 1872, akasubiri wapagazi hadi Agosti. Lakini tembe lenyewe ni ujenzi wa huku bara: kuta nene za udongo, paa bapa, ua katikati. Mlango wake wa nakshi unakumbusha pwani. Mabwana wa misafara waliuleta ufundi huo wa milango hadi Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora. Ukifika, simama kwanza mlangoni, uitazame nakshi kwa utulivu kabla hujaingia ndani.