Nyama ya kiboko, kunde na magego: maswali kuhusu chakula cha binadamu wa kale

Wengi wetu Kisumu na Nakuru tumepewa ushauri huu: ukitaka kupunguza uzito au kutuliza sukari, kula kama binadamu wa kale, nyama kwa wingi na ugali uachane nao. Bahati ni kwamba zana za mawe na mabaki ya chakula cha watu wa enzi hizo yamefukuliwa papa hapa kwetu, na yanajibu mengi.

Je, ni kweli watu wa kale waliishi kwa nyama?

Nyama ililiwa, tena mapema mno. Pale Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, Kaunti ya Homa Bay, wanasayansi walikuta mawe yaliyochongwa pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2023 unaweka umri wake kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Lakini mawe hayohayo, yalipotazamwa kwa darubini, yalionyesha pia alama za kuponda na kukwangua mimea. Isitoshe, meno mawili yaliyopatikana hapo ni ya Paranthropus, jamaa wa pembeni katika ukoo wetu, kwa hiyo huenda waliomchuna kiboko hawakuwa mababu zetu kabisa.

Nenda Kanjera, kwenye rasi hiyohiyo, miaka kama milioni 2 iliyopita. Hapo mizoga ya swala wadogo ililetwa ikiwa nzima, na vichwa vya wanyama wakubwa vikapasuliwa kwa ajili ya ubongo. Zana za hapo nazo zina alama za kukata nyasi na kushughulikia mizizi iliyochimbwa ardhini. Anayekuuzia lishe ya nyama tupu kwa jina la mababu amechukua kiboko akaacha viazi pori. Mimi ningependa watu walijue hili kabla hawajafuta mboga na nafaka kwenye sahani zao, kwa sababu nyuzinyuzi za mimea ndizo zinazosaidia tumbo kwenda vizuri na sukari kupanda taratibu.

Kama wao walikula nyama mbichi, kwa nini sisi tusiweze?

Waliilipia. Uchunguzi wa jenetiki uliotolewa mwaka wa 2001 ulionyesha kwamba minyoo aina ya tegu wanaomsumbua binadamu ni ndugu wa karibu wa tegu wa simba na fisi. Maana yake, tuliwapata zamani, huko Afrika, tulipoanza kula windo moja na wanyama hao, muda mrefu kabla ya kufuga ng'ombe na nguruwe. Nyama ipikwe hadi ndani kusiwe na wekundu, hata ile ya kuchoma. Nunua yenye muhuri wa mkaguzi. Nyamafu usiiguse, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa: kimeta huambukiza kwa kuishika tu.

Gego la mwisho linaniuma. Hilo nalo linahusiana na mawe?

Linahusiana. Katika utafiti wa mwaka wa 2016, watu walitafuna nyama mbichi ya mbuzi na mizizi huku nguvu ya taya ikipimwa. Ilionekana kwamba mlo wenye theluthi moja ya nyama, ikiwa nyama imekatwa vipande na mizizi imepondwa, hupunguza idadi ya kutafuna kwa takriban asilimia 17. Kisu cha jiwe kilianza kufanya kazi ya meno kabla ya sufuria. Kwa vizazi vingi meno na taya vikapungua, na chakula chetu laini cha leo kinazidisha, maana taya la mtoto hukua kwa kutumika. Matokeo yake gego la mwisho linakosa nafasi. Fizi ikivimba, au mdomo ukashindwa kufunguka vizuri, muone daktari wa meno. Kumeza dawa za maumivu wiki baada ya wiki hakuondoi usaha.

Na ugali?

Mahindi ni mgeni kutoka Amerika, yalifika Afrika baada ya 1492. Lakini nafaka si ngeni. Katika pango la Kakapel, Kaunti ya Busia, zimepatikana mbegu za kunde za miaka 2,300, na mtama na wimbi vya miaka 1,000 hivi. Mwenye sukari hahitaji kuufukuza ugali mezani. Apunguze tonge, asage mtama au wimbi bila kukoboa, nusu ya sahani iwe mboga kama kunde au managu, aongeze omena. Na asiache dawa alizoandikiwa.

Maziwa hunijaza gesi. Nina ugonjwa?

Kwa kawaida hapana. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Katika jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania yalitokea mabadiliko ya jeni yanayoudumisha, ndani ya miaka elfu chache tu iliyopita. Jaribu maziwa lala; sehemu ya sukari hiyo imeshaliwa na bakteria.

Mzee wetu hana meno na amekonda. Tumpe nini?

Huko Dmanisi, nchini Georgia, lilipatikana fuvu la miaka kama milioni 1.8 la mtu aliyebaki na jino moja tu, na mfupa wa taya ulikuwa umeziba mashimo ya meno. Aliishi miaka kadhaa hivyo. Baadhi ya watafiti wanaona huenda wenzake walimsaidia kupata chakula laini. Nami naamini kulishana hivyo ni utamaduni wa kale sawa na kuchonga mawe. Kwa mzee wako, uji mtupu hautoshi. Saga omena zilizokaushwa na karanga, uchanganye kwenye uji wa wimbi. Mpe yai, maharagwe yaliyopondwa, parachichi, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Akiendelea kukonda, au akikohoa kila anapomeza, mpeleke kituo cha afya apimwe.