Rose Heilbron: achana na "wa kwanza", soma mafaili yake

Kila mtu akimuandika Rose Heilbron, wakili wa Uingereza aliyekuja kuwa jaji, anakupa ule mlolongo wa "mwanamke wa kwanza" na kweli ulikuwa mrefu bana, 1949 akiwa na miaka 34 tu anapewa uwakili mwandamizi wa Mfalme yeye na Helena Normanton, hakuna mwanamke England alikuwa ameupata kabla yao, 1956 anakuwa Recorda, yaani jaji wa muda, wa mji wa Burnley, Januari 1972 anakaa kiti cha jaji pale Old Bailey, mahakama kubwa ya jinai ya London, ambapo mwanamke hajawahi kukaa. Mahakama Kuu aliingia 1974 akiwa wa pili, Elizabeth Lane alishamtangulia. Sawa. Mimi kazi yangu ni kesi za jinai na hivyo vyeo huwa navipita haraka, manake utamu wote uko kwenye mafaili.

Kwa ufupi, alizaliwa Liverpool 1914, familia ya Kiyahudi, baba yake Max alikuwa na hoteli na aliwasaidia Wayahudi waliotaka kuhama. Sheria alisoma hukohuko Chuo Kikuu cha Liverpool akatoka na daraja la kwanza 1935, akaanza uwakili 1939 vita ikiwa mlangoni.

Faili la kwanza ninalolipenda ni la 1944. Learie Constantine, yule mchezaji kriketi wa Trinidad, alilipia vyumba Imperial Hotel ya London yeye na familia yake, wakafika wakaambiwa hawatakiwi, eti kuna wanajeshi wa Marekani hawataki kulala hoteli moja na watu weusi. Sasa hapo unashtaki kwa sheria gani? Uingereza ya wakati ule haikuwa na sheria yoyote inayokataza ubaguzi wa rangi. Patrick Hastings akiongoza na Heilbron akiwa msaidizi wake walirudi kwenye kanuni ya zamani kabisa ya wenye nyumba za wageni, kwamba msafiri mwenye adabu na hela yake huwezi kumfukuza bila sababu ya maana. Wakashinda. Fidia ilikuwa gini tano, yaani pauni tano na kidogo, hela ya mboga, lakini hoteli ilipatikana na kosa na magazeti yakaandika.

Halafu kuna George Kelly, na hili faili linauma. Machi 1949 meneja wa sinema ya Cameo Liverpool na msaidizi wake wanapigwa risasi, Kelly anashtakiwa na anaambiwa atatetewa na mwanamke, hakufurahi. Kesi ya kwanza wale raia 12 wa juri walishindwa kukubaliana, kesi ikaanza upya, safari hii wakamtia hatiani. Heilbron akakata rufaa na hoja yake moja ilikuwa kwamba kwenye juri aliketi mtu ambaye mwenyewe alishawahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, majaji wakaitupa, na Machi 1950 Kelly akanyongwa. Ilichukua mpaka 2003 Mahakama ya Rufani kufuta ile hukumu, kwa sababu polisi walikuwa na maelezo ya shahidi wao muhimu, mfungwa, aliyewaambia mwanzoni kwamba ni mtu mwingine kabisa ndiye aliyekiri kwake kuwa aliua, na hayo maelezo upande wa utetezi haukupewa. Yaani Heilbron alikuwa anamhoji shahidi huyo kizimbani huku karatasi ambayo ingemmaliza iko kabatini kwa polisi. Wakili yeyote akisoma hapo lazima aweke faili chini kidogo.

Akiwa jaji, 1975 aliletewa kesi ya msichana wa miaka 11 mwenye ulemavu, mama na daktari wamekubaliana afungwe kizazi, kwa nia njema kabisa, ila mtaalamu wa saikolojia aliyemjua mtoto akakimbilia mahakamani. Heilbron akazuia. Alisema ile si tiba, ni kumnyima mtoto haki ya msingi ya kuzaa kabla hajafika umri wa kuamua mwenyewe.

Lakini alichotuachia hasa sisi ni ile ripoti ya 1975. Mabwana wakubwa wa House of Lords, wakati huo ndiyo mahakama ya juu kabisa Uingereza, walikuwa wameamua kwenye kesi ya Morgan kwamba mwanaume akiamini kwa dhati mwanamke amekubali basi si ubakaji, hata kama imani yenyewe haina kichwa wala miguu, watu wakapandwa na hasira, serikali ikampa Heilbron aongoze kamati. Kamati ikasema jina la mlalamikaji lisichapishwe, na maswali ya "umelala na nani na nani" yasiulizwe mpaka jaji atoe ruhusa. Sheria ya 1976 ikayabeba yote mawili.

Kenya kinga kama hiyo iko kifungu cha 34 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mswada wake ulipelekwa bungeni na Njoki Ndung'u ambaye leo ni jaji wa Mahakama ya Juu. Kwa hiyo kama wewe ni mwendesha mashtaka na wakili wa utetezi anaanza kumchokonoa mlalamikaji mambo yake ya zamani ya kitandani, usisubiri jibu litoke, simama upinge papo hapo, muulize ombi la ruhusa liko wapi.