Rekodi ya watu 121,696 uwanjani MCG: mbona haijavunjwa?

Kuna hoja inazunguka miaka na miaka, eti ule mchezo wa Australia (Australian rules), unaochezwa kwa mpira wenye umbo la yai, umeishiwa mashabiki, kisa fainali ya ligi yake ya 1970 ilijaza watu 121,696 pale uwanja wa MCG, Melbourne, na leo inagota laki moja na kidogo. Namba ni za kweli jamani, ila maana yake siyo hiyo.

Siku ile timu ya Carlton walikuwa nyuma pointi 44 mapumziko, wakageuza wakawapiga Collingwood kwa 10, na watu kibao walitazama wamesimama, bega kwa bega, ukitoka kwenda chooni nafasi yako imeliwa. Baadaye majukwaa yakavunjwa yakajengwa upya, lile la kusini likafunguliwa 1992, upande wa kaskazini ukafuata kabla ya michezo ya Jumuiya ya Madola 2006, viti vikatandazwa karibu kote. Kiti kinakula nafasi bana. Fainali ya 2022 waliingia 100,024, ya 2023 tena 100,024, yaani uwanja umejaa pomoni na kuna waliokosa tiketi.