Je, wajua kwa nini mwandishi huwauliza mashabiki habari za ulimwengu aliouumba mwenyewe?

J. K. Rowling alipokuwa akiendelea kuandika hadithi za Harry Potter, mara nyingine alisahau jambo dogo alilokwisha kuliandika zamani. Mwaka 2004 alikiri kwamba badala ya kwenda dukani kununua kitabu chake mwenyewe, aibu tupu, aliwahi kujipenyeza kwenye intaneti kafe na kutazama Harry Potter Lexicon, kamusi ya mashabiki iliyoanzishwa mwaka 2000 na Steven Vander Ark, mkutubi wa shule huko Marekani. Mwenye nyumba anamuuliza mgeni jiko liko upande gani!

Usidhani ni uzembe. Mwandishi hasahau kwa kukosa kumbukumbu. Anazo nyingi mno. Kichwani mwake zinaishi rasimu zote za sura ile ile, pamoja na mhusika aliyekufa Jumatatu akafufuliwa Alhamisi. Shabiki hana mzigo huo. Yeye analo lililochapwa tu, na amelisoma mara saba. George R. R. Martin, mwandishi wa A Song of Ice and Fire, amewahi kusimulia kwamba ana farasi aliyebadilika jinsia kati ya kitabu kimoja na kingine. Waliomsaidia kuweka mambo sawa ni mashabiki wawili, Elio García na Linda Antonsson, na mwaka 2014 walitoa pamoja naye kitabu kizima cha historia ya ulimwengu huo.

Kamusi ya namna hii hutengenezwaje, basi? Mfano ninaoupenda ni wa Robert Foster na ulimwengu wa J. R. R. Tolkien, Middle-earth. Foster alianza miaka ya 1960 kwa kuchapisha orodha ya majina kidogo kidogo katika jarida la mashabiki. Mwaka 1971 orodha ikawa kitabu, na 1978 likatoka toleo kubwa zaidi. Kazi yenyewe haina uchawi: unasoma kalamu ikiwa mkononi, na kila jina linalojitokeza unaliandikia limetajwa wapi, limesemwa nini, na linahusiana na nani. Ugumu unaanza pale unapopanga vidahizo, yaani maneno yanayoorodheshwa kama vichwa vya maelezo.

Mchukue Aragorn, shujaa wa The Lord of the Rings ya Tolkien. Wanywaji wa kijiji cha Bree wanamwita Strider. Elves, viumbe wa kale wasiozeeka waliomlea, walimwita Estel. Wazee wa ufalme wa Gondor walimjua kwa jina la Thorongil, kapteni aliyewatumikia kisha akatoweka, na siku ya kutawazwa anakuwa Elessar. Watu hawa wote ni mtu mmoja, kwa hiyo msomaji atakayefungua herufi T lazima aelekezwe kwenye A, la sivyo ataondoka akiamini kuna mashujaa wawili. Umri je? Hapo unashika kalamu na kupiga hesabu: viambatisho vya kitabu vinasema alizaliwa mwaka 2931 wa Enzi ya Tatu, kwa kalenda ya ulimwengu huo, na Frodo, mhusika mkuu wa hadithi, anakutana naye mwaka 3018. Kijana yule wa porini ana miaka 87. Raha ya kamusi iko hapo hasa, pale taarifa mbili zilizokaa mbalimbali zinapokutanishwa.

Na vitabu vikipingana? Katika The Hobbit, kitabu cha Tolkien cha 1937, msafiri Bilbo na Gollum, kiumbe wa pangoni, wanategeana vitendawili. Sisi ukishindwa kitendawili unatoa mji. Gollum yeye aliahidi pete, na alipoikosa, maana Bilbo alikuwa ameshaiokota, akaomba radhi kwa unyenyekevu. Toleo la 1951 likageuza kisa: pete haikuwekwa rehani kamwe, na Gollum anabaki akimlaani Bilbo kuwa mwizi. Sababu ni kwamba kufikia hapo Tolkien alikuwa ameifanya pete ile kuwa kitu cha kutisha kisichotolewa kwa hiari. Akavipatanisha visa hivyo viwili kwa ujanja: kisa cha mwanzo ni uongo alioutunga Bilbo mwenyewe. Mtunga kamusi mzembe angelifuta toleo la zamani. Aliye makini anaandika yote mawili, lililotokea na lile Bilbo alilodai kuwa limetokea.

Kazi ya Foster ilikuwa nzuri kiasi kwamba Christopher Tolkien, mtoto wa mwandishi na mhariri wa maandiko yake, aliisifu mwaka 1980 katika utangulizi wa Unfinished Tales. Alisema aliitumia mara kwa mara.

Lakini mapenzi haya yana mpaka wa kisheria. Kamusi ya Vander Ark ilipotaka kuwa kitabu cha kuuzwa, Rowling na kampuni ya Warner Bros. waliishtaki kampuni ya uchapishaji, RDR Books, na Septemba 2008 mahakama ya New York ikawapa ushindi. Sababu ndiyo ya kutazamwa. Jaji hakusema kwamba mwandishi peke yake ndiye mwenye haki ya kutunga kamusi ya ulimwengu wake. Alikataa hoja hiyo. Kosa lilikuwa kunakili maneno ya Rowling kupita kiasi, hasa kutoka katika vitabu vyake viwili vidogo ambavyo tayari vina sura ya kamusi. Fidia ilikuwa dola 750 kwa kila kitabu kati ya tisa, jumla 6,750. Vander Ark akarudi mezani, akapunguza nukuu na kuongeza maelezo yake mwenyewe, na Januari 2009 kitabu kikatoka.