Soya sosi nayo ni chumvi: maswali ya wenye presha kuhusu mboga za karai

Mboga za kukaanga haraka, zile za Kiasia, zinamfaa mwenye presha?
Zinamfaa sana. Ni mboga, na kuku au tofu kidogo, vilivyokatwa vyembamba na kupitishwa kwenye moto mkali kwa dakika chache. Kinachoharibu chakula hiki ni chupa.

Chupa gani?
Ya soya sosi. Kila mara napima mtu, nakuta 170 kwa 100, namuuliza habari za chumvi, ananijibu kwa fahari: "Niliacha kitambo dokta, siku hizi naweka soya sosi tu."

Kwani ina chumvi?
Imejaa chumvi. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, mkate na vyakula vya kopo vikiwemo. Na nani anapima kwa kijiko? Watu wanamimina mpaka wali ubadilike rangi.

Yangu imeandikwa "chumvi kidogo".
Imepunguzwa, haikuondolewa. Ukiimimina mara mbili kwa sababu hiyo, umerudi pale pale. Sosi ya samaki, sosi ya chaza na vile vipakiti vya viungo vya tambi, hadithi ni moja.

Nipikeje basi?
Osha mboga na uzikaushe. Zikiwa na maji mafuta yatakurukia, na badala ya kukaangika zitachemka. Karai likipata moto, weka kijiko kimoja cha chakula cha mafuta. Anza na kuku, akiiva kabisa mtoe. Tia karoti, kisha pilipili hoho, majani yawe ya mwisho. Tangawizi na kitunguu saumu weka kwa wingi, uvigeuze upesi visiungue. Rudisha kuku, zima moto, kamulia ndimu, ndipo utie kijiko kimoja cha chai cha soya sosi kwa karai la watu wawili. Ikiingia mwishoni hubaki juu ya mboga na ulimi huipata, hata ikiwa kidogo. Chupa irudi kabatini, isikae mezani.

Nikila hivi mwezi mzima, niache vidonge?
Hapana.

Lakini presha imeshuka.
Imeshuka ukiwa unameza vidonge. Usiache. Wa kupunguza dawa ni aliyekuandikia, tena baada ya kukupima zaidi ya mara moja.

Mbona kichwa hakiniumi?
Presha mara nyingi haiumi popote. Kwa hiyo hapana, kwa mara ya tatu. Mama mmoja aliacha dawa kwa kuwa "sasa nakula mboga". Usiku mmoja ulimi ukawa mzito, kikombe kikamponyoka mkononi. Nyumbani wakasema ni uchovu, alale. Kumbe kilikuwa kiharusi: waliponiletea asubuhi, mkono wa kulia haukuinuka tena.

Nikiona dalili kama hizo nisubiri kidogo?
Usisubiri hata kidogo. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikorogeka, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, hata kama dalili zimepotea baada ya dakika tano. Usimpe chakula, kinywaji wala kidonge cha presha njiani. Tazama saa ukumbuke ilianza lini, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina saa zake, na hilo ndilo swali utakaloulizwa mlangoni.