Jeni, mishipa ya damu na moyo uliojeruhiwa: dhana potofu na ukweli

Dhana: "Ugonjwa wa moyo uko kwenye ukoo wetu, hakuna la kufanya."

Urithi una uzito wake. Mwaka 2007 watafiti walibaini eneo kwenye kromosomu ya 9 (moja ya nyuzi zinazobeba jeni) linaloongeza hatari ya mshtuko wa moyo, na wenye jeni za aina hiyo ni wengi mno. Lakini kuwa hatarini si kuhukumiwa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016 uliwatazama wenye mzigo mzito wa jeni hatarishi. Waliozingatia angalau mambo matatu kati ya manne (kutovuta sigara, kutonenepa kupita kiasi, kufanya mazoezi, kula vizuri) walikuwa na hatari karibu nusu ya ile ya wenzao waliozingatia moja tu au wasizingatie lolote. Natamani kila aliyefiwa na mzazi kwa maradhi haya aelezwe hivyo.

Dhana: "Jeni za moyo ni za kolesteroli tu."

Nyingine zinahusu utando wa ndani ya mishipa ya damu. Jeni ya NOS3, kwa mfano, ina maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachozalisha nitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa. Sigara na kisukari huuharibu utando huo hata kwa mtu mwenye jeni njema.

Dhana: "Inflamesheni baada ya mshtuko ni adui, izimwe haraka."

Hapa ndipo watu wanapojiumiza. Inflamesheni ni mwitikio wa kinga ya mwili kwa jeraha. Saa chache baada ya mshtuko, chembe nyeupe za damu humiminika kwenye msuli uliokufa, zikausafisha na kuandaa njia ya kovu. Zikizuiwa mapema, kovu huwa dhaifu. Dawa za maumivu zinazozima inflamesheni, kama ibuprofen na diclofenac, ni hatari kwa wagonjwa hawa, tena zinanunuliwa kirahisi bila kumuuliza daktari.

Tatizo ni inflamesheni isiyokoma. Waliorithi aina fulani ya jeni ya IL6R, inayopunguza nguvu ya ishara za inflamesheni, hupata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo zaidi. Mwaka 2017 jaribio la canakinumab, dawa inayozuia ishara mojawapo ya inflamesheni, kwa wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko lilipunguza matukio mapya kwa takriban asilimia 15 bila kugusa kolesteroli. Hata hivyo, vifo vya maambukizi viliongezeka, kwa kuwa kinga ndiyo iliyokuwa imepunguzwa.

Dhana: "Jeni ni zilezile tulizozaliwa nazo."

Kadiri umri unavyosonga, baadhi ya chembe za uboho hupata mabadiliko, kwa mfano kwenye jeni ya TET2, kisha huzaa chembe nyeupe zinazochochea inflamesheni kupita kiasi. Zaidi ya mmoja kati ya watu 10 waliovuka miaka 70 ana mabadiliko ya namna hii, na hatari yake ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hukaribia kuwa maradufu. Mtoto hayarithi: hutokea kwenye uboho wa mzazi peke yake.