Kidole tumbo ni nini, na kwa nini kinawasumbua hata madaktari

Kidole tumbo, ambacho kamusi hukiita pia kibole na hospitalini wengi hukiita apendiksi, ni kijifuko chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia chini ya kitovu. Urefu wake kwa kawaida ni kama sentimita 6 hadi 10. Karibu kila mtu anacho, kwa hiyo tukisema "fulani ana kidole tumbo" tunamaanisha kimevimba.

Kinavimba tundu lake likiziba, mara nyingi kwa kipande cha kinyesi kilichokauka au tezi za ukutani mwake zilizovimba, mara nyingine kwa minyoo. Utotoni wengi tulionywa kuhusu mbegu za mapera na mawe ya kwenye wali. Mbegu zimewahi kukutwa humo, lakini ni kwa nadra sana. Usimnyime mtoto pera kwa hofu hiyo.

Ugumu wa kukitambua unaanza na maumivu yenyewe, kwa sababu yanahama. Mishipa ya fahamu ya kidole tumbo huingia uti wa mgongo mahali pamoja na ile ya ngozi ya kitovuni, basi mgonjwa huanza kulalamika kitovu, hataki kula, anasikia kichefuchefu. Watu wa nyumbani husema ni gesi, au chango, au ngiri. Saa kadhaa baadaye uvimbe unagusa utando wa ndani wa ukuta wa tumbo, na hapo maumivu yanashuka kulia na kukaa. Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa New York, Charles McBurney, alieleza mahali penyewe maumivu yanapokaa: chora mstari kutoka ncha ya mfupa wa nyonga hadi kitovu, kisha hesabu theluthi moja kutoka nyongani.

Daktari mzuri huanza kwa kumtazama mgonjwa kitandani. Mwenye mawe kwenye figo hujipindapinda akitafuta mkao. Mwenye kidole tumbo hulala kimya, goti la kulia pengine limekunjwa, na akikohoa hushika tumbo. Kisha mkono unabonyeza taratibu, macho ya daktari yakiwa usoni pa mgonjwa, si tumboni. Akibonyeza kushoto na maumivu yakasikika kulia, anazidi kushuku. Mtoto huombwa aruke kwa mguu mmoja, na akikataa, hilo nalo ni jibu.

Lakini kidole hiki hakielekei upande mmoja kwa watu wote. Kikijificha nyuma ya utumbo, maumivu huenda kiunoni. Kikining'inia ndani ya nyonga, mgonjwa hukojoa mara kwa mara au huharisha, akarudishwa nyumbani na dawa za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) au taifodi. Kwa mjamzito, mimba inavyokua huweza kukisukuma juu.

Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, nasema bila kusita: kipimo cha mimba kisirukwe, hata kama mwenyewe anaapa kuwa haiwezekani. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba huuma palepale, na ikipasuka damu humwagika ndani na kuua kwa muda mfupi. Uvimbe wa ovari uliojisokota nao hufanana hivyohivyo.

Vipimo vinasaidia, ila kila kimoja kina mpaka wake. Chembe nyeupe za damu, ambazo huongezeka mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, huweza kuwa na idadi ya kawaida mwanzoni. Picha ya ultrasaundi hutegemea sana mkono wa anayepima, na kidole tumbo kisipoonekana si ushahidi kwamba ni kizima. Sitiskani (CT scan), mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kompyuta, huona vizuri zaidi, lakini hospitali nyingi za wilaya hazina, na penye nayo gharama huwa mzigo. Pakiwa na shaka, kumlaza mgonjwa na kumkagua upya baada ya saa chache si uzembe. Wala hakuna haja ya kumnyima dawa ya maumivu kwa kuogopa kuficha dalili. Hayo ni mafundisho ya zamani.

Watoto wadogo ndio hunipa wasiwasi zaidi, maana hawawezi kueleza, na kwao kidole tumbo mara nyingi hugunduliwa kikiwa kimeshapasuka. Kikipasuka, maumivu yanaweza kupungua ghafla na nyumba nzima ikashukuru. Baada ya muda homa inapanda, tumbo zima linakuwa gumu kama ubao, na usaha umeshaenea.